Namba Uliyosahau Kuirudisha

Wandera, baba,

Sikuulizi hali kwa sababu nimekuona asubuhi. Ulimeza chai kama dawa, ukasema umeshiba, ukarudi chumbani kukunja nguo ulizokuwa umeshazikunja jana. Baba yako alidhani ni hofu ya safari ya kesho. Mimi nilijua si hiyo. Nilichukua mkoba wangu nikaja kazini.

Nakuandikia nikiwa kwenye kontena letu la ofisi, hapa mpakani Malaba. Sistimu ya forodha imelala tangu tulipofungua. Malori yamesimama, na madereva wanakuja dirishani mmoja baada ya mwingine kuniuliza itaamka saa ngapi, utadhani mimi ndiye niliyeilaza. Nimewaambia waende wakale. Kwa hiyo nina karatasi, nina kalamu, na nina utulivu ambao sijaupata tangu siku ulipotuambia kwamba umepata ufadhili wa kwenda kusoma Ujerumani. Nimechoka, mwanangu. Nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi, na ukiona mahali maneno yangu yanapinda, ujue ni hilo tu.

Mambo ya sweta, ya chakula na ya kupiga simu sitayagusa. Baba yako ameshayasema na kuyarudia, na sasa hivi ameenda Bumala kumchukua nyanya yako, ambaye akifika atayaanza upya kutoka mwanzo. Vumilia. Mimi nina jambo moja, na unalijua. Ni lile uliloniambia Jumapili tukiosha vyombo, na jibu nililokupa. Nataka kulirudisha lile jibu. Lakini nikianza na Jumapili nitakasirika kabla sijafika popote, kwa hiyo acha nianze mbali kidogo.

Unajua watu wakiniuliza unasomea nini huwa nawaambia "kompyuta"? Ni rahisi. Wanaitikia, wanasema siku hizi kila kitu ni kompyuta, tunaendelea na mengine. Siku moja nilijaribu kusema ukweli kwa mama mmoja wa kwaya. Nikamwambia unatengeneza galaksi ndani ya kompyuta.

"Galaksi ni zile manyota ziko juu?"

"Ni hizo."

"Sasa akishamaliza kutengeneza, anauzia nani?"

Tangu siku hiyo ni kompyuta, basi.

Lakini mimi mwenyewe nilielewa, na ningependa ujue hivyo kabla hujaondoka. Nilielewa likizo ile uliponikalisha mbele ya mashine yako ukanionyesha vidoti vingi sana kwenye kioo, vimetawanyika bila mpango. Ukabonyeza kitu. Vikaanza kusogeleana polepole, vikafanya nyuzi, nyuzi zikakutana, na pale zilipokutana pakawa na mzunguko wenye mwanga katikati. Nikakuuliza nani anavisukuma.

"Hakuna mtu anasukuma, Mama. Hatuwezi kukaa hapa tungoje galaksi izaliwe, hiyo miaka hata huwezi kuitaja. So tunaambia computer, hii ndio maada tuko nayo, hii ndio gesi, hizi ndio sheria za uvutano. Halafu tunaachilia muda ukimbie. Ikimaliza tunaangalia kama imefanana na zile ziko kwa anga."

"Na isipofanana?"

"Basi kuna kitu hatujaelewa. Hapo ndio kazi inaanza."

Jibu hilo lilinikaa kichwani siku nyingi. Katika kazi yangu karatasi isipofanana na mzigo, hapo ndipo kazi inaposimama na kelele inapoanza. Nilifikiri, huyu mtoto amepata kazi ya watu wenye bahati, kazi ambayo kutofanana hakumfukuzi mtu. Nilikuonea wivu kidogo. Sikukuambia.

Ukanieleza pia ile maada ya giza, kwamba nyota za pembeni mwa galaksi zinakimbia kwa kasi ambayo ingekuwa imeshazitawanya, lakini kuna kitu kizito kinazishikilia, na kitu hicho hakionekani kwa darubini yoyote. Mnakijua kwa namna vile vitu vinavyoonekana vinavyokwenda. Nikakuambia huku mpakani tunacho cha namna hiyo, tunakiita mkubwa. Hakuna aliyemwona, na hakuna karatasi inayotembea bila kumzunguka. Ulicheka mpaka chai ikakupalia. Nilifurahi sana siku ile, Wandera. Kati yetu sisi wawili zimekuwa chache siku za mimi kusema kitu cha kukuchekesha kuhusu kazi yako.

Kwa sababu mara nyingi nilikuwa ninaiharibu. Kazi zako kubwa ulikuwa ukizituma kwa mtandao kwenye mashine za mbali, lakini galaksi ndogo za majaribio zilikuwa zinakimbia kwenye kompyuta yako pale nyumbani, usiku na mchana, zikilindwa na betri kuukuu ya lori aliyotupa Mzee Mutua, yule dereva wa Kikamba ambaye nitamfikia. Stima ikipotea, betri inashika. Ulikuwa umejipanga vizuri. Hukujipanga dhidi ya mama yako. Siku uliyokwenda Busia kutafuta waya, feni ya ile mashine ilikuwa inanguruma, chumba kimepata joto, tokeni za stima zinakwisha mbele ya macho yangu. Nikaingia, nikaizima kwa kidole changu mwenyewe.

Ulirudi ukasimama mlangoni. Hukupiga kelele. "Mama, ilikuwa imebaki kidogo sana." Nikajitetea na mambo ya tokeni. Sikukuomba msamaha. Nilikanda unga nikapika chapati, wewe ukala chapati, ukaanzisha galaksi upya. Hiyo ndiyo tabia yangu na umeshaizoea, ndiyo maana ukiniona na unga siku isiyo ya sikukuu unaniuliza nimefanya nini. Jana jioni nilitoa unga kabatini. Nikautazama, nikaurudisha. Nikaona safari hii haitoshi.

Sasa tufike Jumapili.

Nitaliandika jambo lenyewe jinsi nilivyolielewa, ili uone kwamba nililisikia vizuri, na kwamba jibu langu halikutoka kwa kutoelewa. Katikati ya galaksi kuna shimo jeusi. Ni zito mno, na lenyewe halitoi mwanga. Gesi inayolikaribia inashika moto, na moto huo unaisukuma gesi nyingine mbali isije ikageuka nyota. Lakini shimo ni dogo sana ukililinganisha na galaksi nzima, na kompyuta haiwezi kulifuata kwa karibu. Kwa hiyo mnaliwekea kanuni, na ndani ya kanuni mnaweka namba ya kusema ni joto kiasi gani litupwe kwenye gesi. Namba ikiwa ndogo mno, galaksi inajaa nyota kupita kiasi. Ikiwa kubwa mno, galaksi inakufa ikiwa changa.

Makala yako ilisema kwamba kwa namba ndogo, ya kawaida, galaksi yako ilitoka ikifanana na zile za angani. Mwalimu wako wa chuo aliweka jina lake chini ya lako. Profesa wa Ujerumani akaisoma, akakuandikia, mkaanza kuzungumza, na kesho unapanda gari kwenda Kisumu na kutoka huko unaruka. Yote hayo yameota juu ya namba moja.

Na wiki iliyopita, ukipanga faili zako za kubeba, ukaikuta namba yenyewe. Haikuwa ile uliyoandika kwenye makala. Siku moja ya majaribio uliiweka kubwa, uone tu kama mashine inaitikia, halafu ukasahau kuirudisha, na galaksi yote ikakimbia hivyo mpaka mwisho. Umekimbiza upya na namba ile ya kwenye makala, na ilichotoa hakifanani na kitu chochote cha angani. Ulinieleza haya yote ukiwa unafuta sufuria.

"Mama, nimwambie professor saa hii ama ningoje?"

Na mimi, bila hata kugeuka, mikono ikiwa kwenye maji:

"Nyamaza. Vuka kwanza. Mengine utamalizia ng'ambo."

Ukasema, "Sawa, Mama." Ukaendelea kuifuta ile sufuria ambayo ilikuwa imeshakauka.

Maneno yale hayakuwa yangu. Ni ya mpaka huu. Kila wakala wa forodha, kila dereva, kila utingo hapa Malaba na kule Busia anayasema kila siku. Sili ya mlango wa lori imepinda kidogo? Vuka kwanza. Uzito haulingani? Vuka kwanza. Gari likiwa upande huu ni shida yako, likishafika upande ule ni shida ya mwingine, na wewe unaenda kunywa chai. Nimeyasema maneno hayo kwa watu wengi. Sikujua yako karibu namna hiyo na mdomo wangu hata nimwambie mwanangu.

Na mimi, kati ya watu wote, ninajua yametoka wapi ndani yangu. Unaijua hadithi ya mama wa sabuni. Umeisikia mara nyingi, umekua ukiisikia, na unajua mahali pa kucheka. Leo nataka uisome bila kicheko, maana sijawahi kukusimulia hivyo hata mara moja.

Ulikuwa darasa la tatu. Nilikuwa nimeajiriwa na wakala mmoja pale Busia. Tulikuwa na desturi, na bado tunayo, kwamba hati za leo hatuziandiki upya. Tunafungua za jana, tunabadilisha namba ya gari, jina la dereva na uzito, tunatuma. Malori yakiwa mengi na honi zinalia, hakuna anayeanza ukurasa mtupu. Siku hiyo nilibadilisha kila kitu isipokuwa mstari wa bidhaa. Mzigo wa jana yake ulikuwa sabuni. Mzigo wa siku hiyo ulikuwa madumu ya asidi ya betri. Lori likavuka limebeba asidi, na karatasi zake zote zinasema sabuni.

Niligundua nikiwa nakula. Nikaacha sahani nikaenda kwa mkubwa wangu.

"Gari imevuka ama haijavuka?" akaniuliza.

"Imevuka, boss."

"Basi hiyo ni mambo ya Uganda sasa. Rudi ukule chakula yako."

Nikarudi nikakaa mbele ya ile sahani. Nilikuwa naliona lile lori limeanguka mahali, na unajua lori likianguka huku kwetu watu wanafanya nini. Wanakuja mbio na ndoo. Niliwaona akina mama wakija kuokota sabuni. Nikainuka, nikaenda mwenyewe kwa ofisa wa forodha nikamwambia nimekosea.

Lori lilisimamishwa likiwa halijafika mbali, likarudishwa. Dereva wake alikuwa Mzee Mutua. Alinitukana kwa Kikamba, akaona sielewi vya kutosha, akarudia kwa Kiswahili. "Mama, umeniharibia safari! Karatasi ni yako, mdomo ni yako, nani alikuuliza?" Mkubwa wangu hakunitukana. Alinifuta kazi tu, mbele ya wenzangu, akamwambia mlinzi asiniruhusu kurudi. Na mawakala wengine wa Busia wakanikataa mmoja mmoja kwa upole. Nani anataka kuajiri mtu wa kujishtaki?

Ndiyo ukaja ule mwaka wa omena. Nilikuwa nachukua dagaa hao ziwani, pale Sio Port, na kuuza Bumala, pale njia panda, juani. Nguo zangu zilinuka, nywele zangu zilinuka, na daftari zako zilinuka kwa sababu nyumba ilikuwa ya chumba kimoja. Watoto shuleni wakakupa jina la Omena. Ulirudi siku moja ukaniuliza kwa nini niliacha kazi ya ofisi. Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri. Nikakuambia, "Kwa sababu mama yako ni mjinga, alisema ukweli bila kuulizwa." Ukacheka kwa sababu mimi nilicheka.

Hapo ndipo nilipokukosea. Kule forodhani nilifanya nililoweza kufanya. Nilikukosea baadaye, mezani, mwaka baada ya mwaka. Tulipohamia Malaba na maisha yakanyooka kidogo, niliigeuza ile siku kuwa kichekesho cha wageni. Naiga sauti ya mkubwa. Naiga matusi ya Mzee Mutua. Wageni wanashika mbavu. Na mwisho wa hadithi ulikuwa uleule kila mara, mimi nikijipiga paji la uso na kusema, "Si ningenyamaza tu?" Nilifanya hivyo kwa sababu ilikuwa inaniuma, na kicheko kilikuwa kinapunguza. Sikufikiria kwamba kuna mtoto pale anayesikiliza na kujifunza. Sasa ni mtu mzima, amepatwa na jambo lake, amekuja kuniuliza, na mimi nimempa mwisho wa kichekesho changu kama ushauri.

Hata Mzee Mutua hakuwahi kuniambia nilifanya vizuri, usije ukadhani kuna sehemu tamu nimeificha. Tulikutana tena hapa Malaba miaka mingi baadaye. "Wewe si ndio ule mama wa sabuni?" Tukacheka, tukazoeana, akatupa ile betri. Lori lake halikuanguka siku ile, kwa hiyo hakuna aliyeungua, na kwa kuwa hakuna aliyeungua hakuna anayejua kwamba kulikuwa na kitu cha kuunguza watu. Hivyo ndivyo lilivyokwisha. Sikupata shukrani. Nilipata omena.

Sistimu imeamka, ninaisikia honi ya kwanza. Simu yangu inatetemeka juu ya meza. Waache wangoje kidogo, nimeanza kufika ninapotaka.

Ningeweza kuliacha jambo hili, Wandera. Kuanzia Jumapili mpaka juzi nilikuwa nimeamua kuliacha. Nilikuwa najiambia: ni galaksi, ziko mbali, haziangukii mtu, hakuna mama atakayekimbia na ndoo. Acha mtoto aende. Ameteseka vya kutosha, na mimi pia. Nilikuwa nataka jambo moja tu katika maisha haya likamilike bila mtu kuja mbio kutoka nyuma akiita "ngoja kwanza."

Halafu juzi akakupigia yule mwenzako wa chuo, Amoit, anayekufuata kwenye masomo. Ulikuwa umeweka simu kwenye spika kwa sababu mikono yako ilikuwa kwenye mizigo. Sikuwa nasikiliza kwa makusudi, lakini nyumba yetu unaijua. Alikuwa na furaha.

"Wandera, ile namba ya makala yako tumeitumia kwa galaksi zetu zote. Zimeanza kukimbia jana. Lakini si zinatoa nyota mingi sana? Niangalie wapi? Ni mimi nimeharibu kitu?"

Ulivuta zipu ya begi mpaka mwisho. Halafu ukasema, "Iko sawa. Endelea tu nayo."

Ilikuwa sauti yangu. Si kwa mfano, ilikuwa sauti yangu kabisa, ile ninayowaambia nayo madereva, ya mtu aliyechoka anayetaka gari liondoke mbele yake. Nilisimama kwenye ukumbi na kikombe mkononi na nikaona aibu ambayo sikuiona hata siku ile ya kufutwa kazi. Kuna msichana chuoni anayekesha akitafuta kosa lake kwenye kazi isiyo na kosa lake, na aliyemwambia aendelee ni mtu mwema, ni wewe, na aliyemfundisha mtu huyo mwema kusema hivyo ni mimi. Usiku huo hukula. Mimi nilikula, nikalala, nikaamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Sitaki kukuambia maneno makubwa. Huwa sina, na wewe huwa unayaona yanakuja kutoka mbali unaondoka mezani. Nitakuambia tu ninachokijua na nisichokijua.

Ninajua kwamba kusema hakulipi. Wanaosema kunalipa hawakuuza omena Bumala. Sijui profesa wako ni mtu wa namna gani. Huenda akasema ahsante, turekebishe, maana uliniambia huko kwenu kutofanana ndiko kazi inakoanzia. Huenda akasema yeye alimwita mtu makini, na mtu makini hasahau namba. Huenda ufadhili ukapewa mwingine. Huenda mwalimu wako wa chuo akakasirika kwa sababu jina lake liko pale, na ana haki ya kukasirika, na itabidi umwambie naye. Siwezi kukuahidi lolote kati ya hayo. Ningekuahidi ningekuwa ninakudanganya siku ya mwisho ya kuwa nawe nyumbani.

Ninajua pia kwamba kimya kina kazi yake, na kazi hiyo haiishi ukishavuka. Utafika huko, watakupa mashine kubwa kuliko zote ulizowahi kugusa, na kila galaksi utakayoikimbiza utakuwa unaisogeza ilingane na ile ya kwanza ya uongo, kidogo hapa, kidogo pale, ili wasiulize. Nimewaona mawakala wanaoishi hivyo. Nina mmoja jirani hapa, kontena la tatu. Anafanya kazi mara mbili ya mimi, na nusu ya kazi hiyo ni kukumbuka alichoandika. Sitaki uwe hivyo. Ninakuombea uchovu wa kawaida, wa mtu aliyefanya kazi.

Na ninajua kwa nini nilikujibu vile. Niliogopa. Nilikuona umesimama juani pale Bumala badala yangu, na nikaona bora uongo mdogo. Ninakupenda na ninaogopa, na hayo mawili yakikutana ndani ya mtu aliyechoka ndiyo yanatoka maneno kama yale ya Jumapili. Nisamehe. Naona nimeliandika, na hakuna unga karibu.

Nilipoanza barua hii nilikuwa nimepanga kuificha ndani ya begi lako, katikati ya nguo, uikute ukishafika. Nilijiona mwerevu. Nimefika huku chini ndipo nikaona ninachofanya. Avuke kwanza, halafu asome. Hata katika kukuomba msamaha nilikuwa naupeleka mzigo ng'ambo.

Kwa hiyo sitaificha. Nimemwambia kijana wa zamu ashike ofisi, na wanaonipigia simu atawajibu yeye. Ninafunga karatasi hizi nakuja nyumbani sasa hivi kwa boda boda, nitakupa mkononi, hata kama nyanya yako atakuwa ameshakaa sebuleni na maswali yake. Ingia chumbani uisome. Ukimaliza, mpigie Amoit kwanza, umwambie aache kutafuta. Halafu mwandikie mwalimu wako na profesa, leo, kabla jua halijazama, ukiwa bado uko kwetu, ili jibu likija na ubaya wake likukute kwenye nyumba yenye watu wako. Ukitaka nitakaa kitandani nyuma yako. Sitasoma unachoandika.

Wakisema njoo, kesho tutakusindikiza. Wakisema usije, au wasiposema kitu na ukaenda hujui, nitalia, sikufichi, nitalia sana. Lakini watu wakiniuliza imekuwaje, nitawaambia mimi mwenyewe, kanisani, sokoni, hapa ofisini. Nitawaambia mwanangu alikosea, na akasema bila kuulizwa. Nitaisimulia polepole mpaka mwisho, na mara hii sitamchekesha mtu.

Mama yako